Sumu Mbili Katika Pompi Moja

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumbani munaofuata ukurasa huu wa usalama na afya, leo tuache kidogo habari za kofia na viatu vya kazi. Tushuke bustanini.

Wakati wa kiangazi mabonde yanayozunguka Kolwezi hulimwa mboga. Mtu ametoka zamu ya usiku, amelala saa chache, kisha anabeba pompi mgongoni na kwenda kunyunyizia tomati, vitunguu na lengalenga zake. Ndani ya pompi anamimina kifuniko cha dawa ya viwavi, kifuniko cha dawa ya ukungu, na kama jirani amemwachia dawa nyingine katika chupa ya limonadi, anaongeza na hiyo. Ukimwuliza sababu atakujibu: moja ikishindwa, nyingine itaua. Kwa upande wa wadudu, pengine amesema kweli. Lakini yeye mwenyewe aliyebeba pompi, na mama atakayefua shati lake, na watoto watakaokula lengalenga hizo, je?

Wengi wanadhani kwamba dawa ikiwa imeruhusiwa kuuzwa, basi wataalamu walikwisha kuipima na kiwango chake kinajulikana. Ni kweli, dawa halali hupimwa kwa wanyama kabla ya kuuzwa. Lakini hupimwa kila moja peke yake. Mchanganyiko ulio katika pompi yako, kwa sehemu kubwa, hakuna mtu aliyewahi kuupima hata kwa panya mmoja. Tueleze kwa nini, maana si uvivu wa wataalamu. Kazi yenyewe ni ngumu kupita inavyoonekana.

Tabia hii ya kuchanganya si ya Kolwezi peke yake. Kaskazini ya Tanzania, katika mashamba madogo ya mboga, wachunguzi wakiongozwa na Ngowi walitoa taarifa mwaka 2007. Walikuta karibu theluthi moja ya wakulima wanachanganya dawa katika pompi moja, na wengi wao hawapiti dawa tatu. Hakuna etiketi wala bwana shamba aliyekuwa amewapa maagizo juu ya michanganyiko hiyo. Kila mmoja alikuwa mganga wa pompi yake.

HESABU INAYOSHINDA MAABARA

Chukueni kalamu. Tuseme sokoni kuna dawa 20 tu za aina mbalimbali. Ukizipanga mbili mbili utapata jozi 190. Ukizipanga tatu tatu utapata mafungu 1,140. Ukitaka kila mchanganyiko unaowezekana, kuanzia dawa mbili hadi zote 20, utafika 1,048,555.

Sasa tuwatafute panya. Ili kuijua jozi moja vizuri, haitoshi kumpa panya mchanganyiko mara moja na kumtazama. Unahitaji, kwa mfano, vipimo vitano vya dawa ya kwanza (kimoja kikiwa sifuri), na vitano vya dawa ya pili, na kila kipimo kikutane na kila kipimo. Hayo ni makundi 25. Ukiweka panya 10 katika kila kundi, ni panya 250 kwa jozi moja. Kwa jozi zote 190 ni panya 47,500. Na hapo tumepima sumu ya haraka tu. Kipimo cha sumu inayoingia kidogo kidogo, kama ile inayotafuta kansa, huchukua miaka 2 ya maisha ya panya.

Kwa sababu hiyo wataalamu hutumia hesabu badala ya panya. Wanasema: kama dawa hizi mbili zinafanya kazi kwa njia moja mwilini, tujumlishe nguvu zao. Loewe wa Ujerumani alieleza jambo hilo tangu mwaka 1926, na Bliss mwaka 1939 aliandika juu ya sumu zinazotumika pamoja na kuzigawa kwa namna zinavyofanya kazi. Marekani iliweka sheria mwaka 1996 kwamba viuadudu vinavyoumiza mwili kwa njia moja vihesabiwe pamoja. Ofisi ya Ulaya ya usalama wa chakula, iliyoko Parma huko Italia, ilitoa mwaka 2020 hesabu zake za kwanza za namna hiyo, moja ya mishipa ya fahamu, nyingine ya tezi ya shingoni.

Hesabu hiyo ni nzuri pale moja na moja ni mbili. Taabu huja pale moja na moja ni kumi.

INI NI KAMA KONSENTRATERI

Mwaka 1957 Frawley na wenzake, wachunguzi wa Marekani, waliwapa panya na mbwa dawa mbili za jamii ya organofosfati. Moja ni malathioni, ambayo mpaka leo inajulikana kuwa si kali sana kwa mtu ukiilinganisha na ndugu zake. Nyingine iliitwa EPN. Walitegemea kuona jumla ya nguvu za dawa hizo mbili. Badala yake sumu ilipanda hadi karibu mara 10 kwa panya, na hadi karibu mara 50 kwa mbwa. Oneni neno hilo: mnyama mmoja alisema kumi, mwingine akasema hamsini. Na mtu angesema ngapi? Hakuna anayeweza kumweka mtu katika kizimba ili ajue.

Ninyi munaofanya kazi konsentrateri mutaelewa haraka jinsi ilivyotokea. Ini la mtu au la mnyama ni kama kiwanda cha kusafisha. Malathioni ikiingia, kuna vimeng'enya vya ini vinavyoikata vipande na kuifanya isidhuru. Mdudu hana uwezo huo mwingi, kwa hiyo yeye hufa na wewe unabaki. Lakini EPN inakwenda moja kwa moja kwenye vimeng'enya hivyo na kuvifunga. Ni kama mtu amesimamisha mkanda wa kubebea mawe, na malori yanaendelea kumwaga. Mawe hayakuongezeka, ila hayana pa kwenda. Malathioni inarundikana mwilini na kufanya kazi yake kwenye mishipa.

Baada ya habari hiyo, serikali ya Marekani iliagiza dawa za jamii hiyo zipimwe mbili mbili. Wakapima. Jozi nyingi zikatoa jumla ya kawaida, nyingine zikatoa hata pungufu ya jumla, na chache tu zikapanda kama ile ya kwanza. Kwa sababu chache ndizo zilizoleta hatari, agizo lile halikudumu. Mimi nafahamu sababu ya gharama, lakini naona hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo: hizo chache huwezi kuzitambua kwa kusoma etiketi.

Na kuna kinyume chake. Mwaka 1954 ilionekana kwamba panya waliotangulizwa aldrini, dawa ya jamii ya DDT, waliivumilia vizuri zaidi parathioni waliyopewa baadaye. Ile ya kwanza ilikuwa imeliamsha ini na kuliongezea vimeng'enya. Kwa hiyo hata mpangilio una maana. Dawa ya asubuhi na dawa ya jioni si sawa na dawa zote mbili kwa pamoja, na pengo la siku tatu si sawa na pengo la saa tatu. Kila swali la namna hiyo linadai kizimba kingine cha panya. Asije mtu akasema sasa kwamba ukurasa huu umemshauri kuanza na aldrini! Dawa hiyo imepigwa marufuku duniani, maana hukaa katika udongo na katika mafuta ya mwili miaka na miaka.

MCHANGANYIKO AMBAO HAKUNA ALIYEUCHANGANYA

Habari ya Pakistani ya mwaka 1976 inatugusa sisi kwa karibu, kwa sababu waliopata ajali walikuwa wafanyakazi kama sisi. Nchi hiyo ilikuwa ikipambana na malaria, na wafanyakazi wapatao 7,500 walikuwa katika kazi ya kupuliza malathioni nyumba kwa nyumba. Katika mwezi wa Julai watu wengi walianguka. Inakadiriwa kwamba 2,800 walipata sumu, na 5 wakafa.

Malathioni si ndiyo ile isiyo kali? Ndiyo. Na hawa hawakuongeza kitu kingine. Lakini unga wa baadhi ya viwanda ulikuwa na uchafu ndani yake, hasa kitu kinachoitwa isomalathioni, ambacho huzaliwa na malathioni yenyewe ikitengenezwa vibaya au ikiwekwa mahali pa joto. Isomalathioni inafanya kama EPN: inafunga vimeng'enya vya ini. Wachunguzi waliwapa panya unga wa viwanda mbalimbali, wakaona kwamba penye isomalathioni nyingi ndipo panya walipokufa kwa kipimo kidogo. Mchanganyiko ulijitengeneza wenyewe ndani ya mfuko. Wafanyakazi nao walikuwa wakikoroga dawa kwa mikono, na nguo zao zilikuwa zimelowa.

Mtaona basi ugumu mwingine wa kupima. Maabara hupenda kumpa mnyama dawa safi. Bustanini hakuna dawa safi. Kuna dawa, na mafuta yaliyoiyeyusha, na sabuni inayoifanya ishike majani, na yale yaliyozaliwa katika bidoni iliyokaa chini ya mabati kwa misimu miwili. Dawa ya zamani si lazima iwe dawa dhaifu. Wapo wanaoongeza kipimo kwa kuwa dawa ni ya zamani, na kumbe wanaongeza jambo lingine kabisa.

KUKU, PANYA, NA MTU WA KOLWEZI

Kuchagua mnyama ni kazi nyingine. Ziko organofosfati ambazo, wiki mbili au tatu baada ya sumu, hulegeza miguu hadi mtu hawezi kutembea. Panya haonyeshi vizuri ugonjwa huo. Kuku anauonyesha. Ndiyo sababu mwaka 1996, Abou-Donia wa chuo kikuu cha Duke huko Marekani aliwatumia kuku kuchunguza habari ya askari waliorudi na magonjwa kutoka vita vya Ghuba vya 1991. Askari hao walikuwa wamemeza vidonge vya kujikinga na gesi ya sumu, wamejipaka dawa ya kufukuza mbu, na wengine walikuwa na permetrini katika nguo. Kuku waliopewa vitu hivyo pamoja walidhurika mishipa kuliko waliopewa kimoja kimoja. Wengine wakapinga: kuku walipewa vipimo vikubwa kupita vya askari. Ubishi huo huja karibu kila mara. Ukimpa mnyama kidogo, hutaona kitu mpaka uwe na wanyama maelfu. Ukimpa kingi, utaambiwa hakuna mtu anayepata kiasi hicho.

Tena panya wa maabara anaishi kama mkubwa. Anakula chakula kamili kila siku, hana malaria, hana minyoo, hanywi pombe, halali katika moshi wa makala. Boyd wa Kanada alijaribu katika miaka ya 1960 kuwapunguzia panya chakula cha kujenga mwili, yaani protini, kisha akawapa viuadudu na dawa za ukungu. Baadhi ya dawa, na captani hasa, zikawa kali mara nyingi zaidi kwa panya hao wenye njaa. Mtoto anayekula bukari na mboga bila samaki wala maharagwe mwezi mzima hafanani na panya aliyeshiba wa maabara.

Na vumbi letu? Mwaka 2009 wachunguzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya kupima mkojo wa wakaaji wa Katanga. Kwa walio karibu na migodi na viwanda walikuta kobalti nyingi kuliko iliyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida popote, na pamoja nayo arseniki, kadimi, risasi na urani. Mwaka 2018 walitoa matokeo mengine ya hapa Kolwezi, mtaa wa Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Watoto walikuwa na kiasi kikubwa kuliko wazazi. Watu hao hao ndio wanaopulizia dawa ya mbu chumbani na kula mboga za bustani. Panya aliyepumua vumbi la Kasulo, akapata dawa mbili za tomati na chakula pungufu, sidhani kama yuko katika kizimba chochote duniani.

Kwamba madini yetu nayo hubadilika yakikutana na kitu kingine, hilo limepimwa. Ninyi wa kutoboa mwamba munazijua ncha ngumu za kutobolea: zimetengenezwa kwa tungsteni kabidi iliyoshikamanishwa kwa kobalti. Waliozinoa katika viwanda vya Ulaya walipata ugonjwa mbaya wa makovu ya mapafu, ambao haukuonekana kwa watu wa kusafisha kobalti peke yake. Huko Bruseli, Lison na Lauwerys wa chuo kikuu cha Louvain waliweka vumbi katika mapafu ya panya. Kobalti peke yake ikadhuru kidogo, tungsteni kabidi peke yake kidogo, lakini zote mbili pamoja zikaunguza mapafu vikali. Musichukue hiyo kuwa ruhusa ya kuvua masiki penye kobalti tupu. Kobalti inaleta pumu, na mwaka 2022 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliiweka katika vitu vinavyoelekea kuleta kansa kwa mtu.

Mama mmoja atauliza: mbona vyandarua vipya vina dawa mbili, na mnatuambia tulale ndani yake? Swali ni zuri. Vyandarua hivyo vina pireteroidi pamoja na kitu kinachoitwa PBO. PBO inamfunga mbu vimeng'enya vyake, basi mbu aliyekuwa sugu anakufa. Ni ujanja ule ule wa EPN, lakini safari hii umeelekezwa kwa adui. Huko Muleba, Tanzania, vilijaribiwa kijiji kwa kijiji na vikapunguza malaria kuliko vya kawaida, na taarifa yake ilitoka mwaka 2018. Shirika la Afya Duniani lilivikubali. Tofauti yake na pompi ya bustani ni kwamba mchanganyiko huo mmoja ulipimwa: kiasi gani, kinatoka vipi kwenye uzi, mtoto akinyonya kitambaa inakuwaje. Laleni ndani ya chandarua. Na musikiongezee dawa ya mende.

TUFANYE NINI BUSTANINI NA NYUMBANI

Dawa moja kwa pompi moja, isipokuwa etiketi yenyewe imetaja kwamba inaweza kuchanganywa na nyingine, na imetaja ipi. Pompi ioshwe kabla ya kutia dawa nyingine, na maji hayo yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Dawa isiyo na etiketi, au iliyohamishwa katika chupa ya kinywaji, usiinunue hata kama ni ya bei ndogo. Nunua kidogo kinachotosha msimu mmoja, uweke mahali pa baridi penye kufuli, mbali na unga na mafuta ya kupikia. Ukimaliza kunyunyizia, oga kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na nguo zifuliwe peke yake. Bidoni tupu isichotewe maji, hata ikisafishwa mara kumi.

Sumu ya organofosfati, na ya ndugu zake karbamati, inajulikana hivi: mate na machozi yanatiririka, jasho jingi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, tumbo linakata, misuli inarukaruka, pumzi inakuwa nzito. Mutoeni mtu nje kwenye hewa, mumvue nguo, mumwoshe kwa maji mengi na sabuni huku mukilinda mikono yenu. Musimtapishe. Musimpe maziwa wala mafuta, imani hiyo ni ya zamani na inaweza kumdhuru. Kisha hospitali, bila kungoja kuona kama itapita.

Na hapa naomba munisikilize vizuri. Mgonjwa hufika na chupa moja mkononi mwa ndugu yake. Tunaanza matibabu ya chupa hiyo, halafu kesho yake tunasikia kwamba ndani ya pompi zilikuwa tatu. Hilo linabadili kazi yetu. Kwa organofosfati mganga hutumia atropini, na mtu akishindwa kupumua hupewa oksijeni. Lakini kama katika pompi kulikuwa pia na parakwati, ile dawa ya kuua majani, oksijeni inaweza kuongeza moto katika mapafu, na mganga hutoa ile tu isiyoepukika. Mtu aliyezidiwa hawezi kueleza alichotia, na hakuna kitabu chenye ukurasa wa mchanganyiko wake.

Leteni chupa zote. Leteni na zile za jana na juzi, kama alizitumia. Musiogope kuulizwa zilitoka wapi. Sisi wa dispensari si polisi. Chupa isiyo na etiketi iletwe hivyo hivyo, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na mtuambie ilinunuliwa soko gani na muuzaji aliiita jina gani.